Msitupe Mkebe wa Babu!

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu kuna mkebe wa zamani. Pengine ni mkebe wa biskuti, pengine ni sanduku dogo la bati lenye kutu. Umekaa juu ya kabati au chini ya kitanda, na ndani yake mna kadi za ubatizo, barua, funguo zisizojulikana ni za mlango gani, na vipande vyeusi vyenye kung'aa kidogo, vyepesi kama ganda la kitunguu. Watoto huvichezea. Mama anapofagia nyumba husema: « Takataka hizi za nini? » Na siku moja vinatupwa motoni pamoja na majani makavu.

Leo tunataka kuwaeleza habari za vipande hivyo vyeusi, na za burudani moja njema inayotoka ndani yake: kupiga picha kwa filamu, na kuzinakili picha hizo kwa vyombo vya siku hizi. Lakini kwanza sikilizeni kisa kimoja.

Uso uliokuwa ukipotea

Mzee mmoja tunayemfahamu, aliyekuwa mwalimu miaka mingi katika mji wa Bukavu, alifiwa na mama yake mwaka 1958, yeye akiwa mtoto wa miaka minane. Baba yake alikuwa karani, na kama makarani wengine wa siku zile alikuwa amejinunulia kamera ya sanduku, ile nyeusi isiyo na mambo mengi: kioo kimoja mbele, kidude cha kubonyeza pembeni, basi. Alipiga picha siku za sikukuu, na mojawapo, picha ya mkewe, akaitia katika fremu ukutani.

Lakini mchwa hawaulizi picha ni ya nani. Katika vita vya mwaka 1996 watu wa nyumba ile walikimbia. Waliporudi baada ya miezi kadhaa, walikuta fremu imejaa udongo. Picha ya mama ilikuwa imeliwa yote.

« Tangu siku ile », Mzee alituambia, « niliendelea kulitaja jina lake katika sala, lakini uso wake ulikuwa ukinitoka polepole. Nikifumba macho nilimwona, lakini nilimwona kwa mgongo, kama mtu anayekwenda zake mtoni asubuhi. »

Basi, mjukuu wake mmoja, mwanafunzi wa shule ya sekondari, alikuwa mpenda picha. Siku moja aliomba kuiona ile kamera ya sanduku. Pamoja na kamera ukaletwa mkebe, na ndani ya mkebe alikuta vipande vyeusi vilivyofungwa katika karatasi yenye jina la Gevaert, kiwanda cha Ubelgiji kilichotengeneza filamu karibu na mji wa Antwerpen. Akakiinua kimoja mbele ya dirisha. Akaona watu wenye nyuso nyeupe na nywele nyeupe, wamevaa nguo nyeusi.

« Babu, hawa ni watu au ni mizimu? »

« Ni watu wetu », Mzee akajibu, « lakini sijui tena ni akina nani. »

Kijana akawasha simu moja kubwa hata kioo chake kikawa cheupe kitupu, akakiweka kile kipande juu yake, akakipiga picha kwa simu nyingine. Kisha akaiagiza simu igeuze rangi: cheusi kiwe cheupe, na cheupe kiwe cheusi. Mara akatokea mwanamke ameketi kitini mbele ya nyumba, na mtoto wa kiume amemwegemea gotini.

Mzee akaishika simu. Akanyamaza muda mrefu. Mwishoni akasema: « Kumbe mama yangu alikuwa kijana! Leo mimi ningeweza kuwa baba yake. »

Laiti kisa kingeishia hapo. Lakini chini ya mkebe kulikuwa na filamu nyingine, imejikunja na kugandamana, inanuka siki. Juu ya karatasi yake marehemu karani alikuwa ameandika neno moja tu: « Arusi ». Walijaribu kuifungua, ikavunjika kama jani kavu. Arusi ya wazazi wa Mzee imepotea, na hakuna mashine duniani itakayoirudisha.

Kipande cheusi ni kitu gani?

Kipande hicho huitwa negativi. Ni utepe mwembamba uliopakwa gelatini, yaani kitu kama gundi kitokanacho na mifupa na ngozi za wanyama. Ndani ya gelatini mna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa, chembe hizo hubadilika, ingawa jicho halioni kitu bado. Filamu ikitiwa katika dawa, chembe zilizoguswa na mwanga hugeuka kuwa fedha nyeusi. Ndiyo maana shati jeupe huwa jeusi katika negativi: limerudisha mwanga mwingi. Na kivuli hubaki kweupe, kwa sababu hakikutoa mwanga wa kutosha.

Aliyevumbua njia hii ni Mwingereza William Henry Fox Talbot, aliyeitangaza mwaka 1841. Kabla yake, Mfaransa Daguerre alikuwa ametoa picha nzuri juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, lakini kila picha ilikuwa moja tu, haina ya pili. Kwa negativi ya Talbot, mtu aliweza kuchapa picha kumi au mia kutoka katika kipande kimoja. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya Kodak yenye filamu ya kuzungushwa, na mwaka 1900 ikatoka kamera ya Brownie kwa bei ya dola moja. Tangu hapo picha haikuwa tena kazi ya mafundi peke yao: baba wa jamaa aliweza kuipiga mwenyewe.

Kwa hiyo shikeni neno hili: picha ya ukutani ni mtoto, negativi ni mzazi. Mtoto akipotea, mzazi aweza kuzaa mwingine. Mzazi akichomwa moto, uzao umekatika.

Kwa nini watu wanairudia filamu?

Mtu atauliza: « Simu yangu yapiga picha elfu bila gharama. Filamu ya nini tena? » Swali ni la haki. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson, akifanya kazi kwa Kodak, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali, isiyotumia filamu. Ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja. Kamera za namna hiyo ziliendelea hata zikaishinda filamu, na Kodak yenyewe ilikimbilia ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni mwezi wa Januari 2012. Watu wengi walidhani filamu imekufa. Haikufa. Viwanda vingine vinaendelea kuitengeneza, na mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, ambayo hugawa kila nafasi mara mbili, hata roli ya picha 36 ikatoa picha 72.

Sababu ni nini? Mjukuu wa yule Mzee alitupa jibu lake. Sasa anayo kamera ya mitumba na hutumia roli chache kwa mwaka. « Katika simu », akasema, « ninapiga kwanza, ndipo ninatazama. Katika filamu nina nafasi 36 tu. Nalazimika kutazama kwanza. » Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Alijifunza kwanza useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal akampa kamera ndogo ya Kodak Brownie, naye akaanza kupiga picha za ndugu na jirani. Mwaka 1948 alifungua studio yake. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Moja! Kwa hiyo alimketisha vema, akamgeuza bega, akapanga mikunjo ya nguo, akangoja mwanga wa mchana uanguke sawasawa usoni, ndipo akabonyeza. Alizitunza negativi zake kwa maelfu, na mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris, watu wakastaajabu. Alifariki mwaka 2001. Nasi Wakongo tunaye Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki Kinshasa mwaka 1997. Alinunua kamera ndogo aina ya Adox ili apate kumbukumbu ya arusi yake, akaishia kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco. Wote wawili walianza na kamera ndogo, kwa mambo ya nyumbani.

Mashauri kwa anayeanza

Anayetaka kujaribu asianze na kamera ya bei kubwa. Kamera ya zamani iliyo nzima yatosha. Mbele ya yote, aangalie kama kioo hakina ukungu na kama mlango wa nyuma hauvujishi mwanga.

Kila filamu ina namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga. Namba 100 ni ya jua, namba 400 yafaa hata mawingu na kivuli. Kuna kanuni ya zamani isiyohitaji chombo cha kupimia: jua likiwa kali, weka tundu la kioo katika namba 16, na mwendo wa kufungua uwe karibu na namba ya filamu. Filamu ya 100 hupigwa kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Mawingu yakifunika, fungua tundu hadi 8. Mtu akiketi barazani penye kivuli, fungua hadi 5.6.

Tahadhari moja yatuhusu sisi hasa. Siku ya arusi au ya Komunyo ya kwanza watu huvaa nguo nyeupe, na chombo cha kupimia hudanganywa na weupe huo. Matokeo yake shati laonekana vizuri, na uso wa mwenye shati unakuwa giza tupu. Basi, pimeni mwanga usoni, si nguoni. Filamu ya negativi huvumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko mwanga uliopungua.

Filamu ikiisha, inafuata kazi ya kuisafisha. Filamu ya rangi hutaka dawa yenye joto la nyuzi 38, nayo ni kazi ya mafundi. Lakini ile nyeusi na nyeupe yaweza kusafishwa nyumbani. Hutiwa katika kopo lisilopitisha mwanga, ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili. Kisha humiminwa dawa ya kwanza, ya kuionyesha picha, yenye nyuzi 20 za joto, kwa dakika zilizoandikwa na kiwanda. Inafuata dawa ya kuisimamisha ile ya kwanza, halafu dawa ya kuiimarisha picha isiharibiwe na mwanga. Mwishoni huoshwa kwa maji safi na kutundikwa kwa vibanio vya nguo mahali pasipo vumbi. Mahali penye joto, poozeni chupa za dawa katika beseni la maji baridi, na kipimajoto kisikose. Dawa hizi zisiwe karibu na watoto, wala kopo lake lisirudi jikoni kamwe.

Jinsi ya kunakili negativi

Sasa tunafika kwenye kazi inayoweza kufanywa hata na jamaa isiyo na kamera ya filamu. Siku hizi roli moja ya filamu ni ghali, na hatutaki mtu apunguze ada ya shule ya watoto kwa ajili ya burudani. Lakini kunakili negativi zilizo katika mkebe hakudai zaidi ya simu mbili na saa chache za subira.

Oshani mikono na kuikausha. Shikeni negativi kwa kingo zake tu. Ondoeni vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Msipanguse kwa kitambaa chenye maji, kwa maana gelatini hulainika na picha hutoka. Fungeni mapazia. Washeni simu ya kwanza, au kompyuta, kioo chake kiwe cheupe chenye mwanga mwingi. Msiilaze negativi juu ya kioo chenyewe, la sivyo nukta za kioo zitaonekana pichani. Iinueni kwa sentimita 3 hivi, au tieni katikati kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Zungusheni karatasi nyeusi pembeni. Ile simu ya pili iegemezeni juu ya vitabu, iwe sambamba na negativi, isitikisike. Upande unaong'aa uelekee simu inayopiga. Upande uliofifia utazame chini, kwenye mwanga. Vinginevyo picha hutoka kama katika kioo, kushoto kukiwa kulia. Mwishoni igeuzeni rangi.

Njia hii yafaa sana kwa negativi kubwa za kamera za sanduku. Negativi ndogo, zenye milimita 24 kwa 36, hutaka mashine ya skana. Lakini si kila skana ya ofisini yaweza: yafaa ile yenye taa katika kifuniko chake, ili mwanga upite katikati ya negativi. Mkiipa kipimo cha nukta 2,400 kwa kila inchi, negativi ndogo hutoa picha yenye nukta karibu 3,400 kwa 2,270. Zatosha kuchapa picha nzuri ya kutia katika fremu.

Baada ya kunakili, msitupe negativi! Nakala ni mlinzi, si mrithi. Wekeni kila kipande katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu penye ubaridi, pasipo mchwa. Zilizoanza kunuka siki zitengeni upesi na mzinakili mbele ya zote, kwa sababu harufu ile ni asidi inayotoka katika utepe wenyewe, nayo huambukiza jirani zake. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 nyingine zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka upesi mno. Mshumaa na taa ya mafuta visizikaribie. Nazo nakala za simu ziwekeni mahali patatu, na pamoja pawe nyumbani kwa ndugu wa mji mwingine. Sisi watu wa Kivu tunajua kwamba siku ya kukimbia mtu habebi kabati.

Uso bila jina

Limebaki neno moja, nalo ndilo kubwa. Mashine yaweza kuwapa uso. Haiwezi kuwapa jina.

Huko Chicago, Marekani, aliishi mwanamke mmoja, Vivian Maier, aliyefanya kazi ya kulea watoto wa watu. Wakati wa mapumziko alitembea barabarani na kamera yake. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa katika ghala viliuzwa kwa mnada, kwa kuwa kodi haikulipwa. Ndani yake zilikutwa negativi kwa maelfu, na filamu nyingi ambazo hazijasafishwa bado. Kwa jumla aliacha negativi zaidi ya 100,000. John Maloof, mmoja wa walionunua, alianza kuzinakili moja moja, na leo picha hizo zasifiwa dunia nzima. Lakini Vivian Maier alifariki mwaka 2009, kabla dunia haijalijua jina lake. Aliyeweza kueleza watu wale ni akina nani, na kwa nini aliwatazama, hakuulizwa kitu.

Yule Mzee wa Bukavu alielewa jambo hili bila kuambiwa. Jioni ile ile aliomba daftari. Negativi zilikuwa 22. Mjukuu alipoonyesha kila moja, yeye alitaja: « Huyu ni shangazi, aliolewa Uvira. Huyu simjui, lakini kofia ni ya katekista. Huyu ni mdogo wangu, alikufa kwa surua. » Katika 22 alitambua 15. Nyuso za wale 7 waliobaki zi wazi kabisa, hata vifungo vya mashati vyahesabika, lakini hakuna aliye hai wa kusema ni za nani. Baba yake angaliandika majina siku ile ile, wangekuwapo wote.

Wasomaji wetu, mali bila daftari hupotea bila habari. Jumapili hii, baada ya chakula, waombeni wazee wenu mkebe. Ninyi wanafunzi, toeni simu zenu. Ninyi akina mama, tafuteni daftari na kalamu. Ketini pamoja, na mwanzeni na negativi moja. Na yule anayepiga picha leo, kwa filamu au kwa simu, aandike majina kabla ya kulala.

Picha ya mama wa Mzee imo tena ukutani, na nyuma yake limeandikwa jina lake kwa wino. Mjukuu alitaka kuichapa kubwa sana. Mzee alikataa. Alitaka kipimo kile kile cha zamani, katika fremu ile ile, ambayo alikuwa ameisugua mwenyewe hata udongo wote ukatoka.